Pombe ya Siku ya Pili

Bariadi hakuna kiwanda cha bia. Anayetaka kuona matangi ya chuma, mitambo ya kujaza chupa na malori yanayosubiri getini itambidi aendelee hadi Mwanza, waliko TBL na Serengeti. Lakini kama kiwanda kidogo ni mahali ambapo mtu mmoja anachagua nafaka kwa mkono wake, anaiotesha, anaipika, anaichachusha, kisha anawauzia majirani kabla haijaharibika, basi mji huu na vijiji vya Itilima, Maswa, Meatu na Busega vinavyo viwanda vya namna hiyo, tena vya zamani kuliko mkoa wenyewe wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza. Havina bango. Vina ua uliofagiwa, mafiga matatu, pipa, na mama anayejua anachokifanya. Kinachotoka humo ni pombe ya mtama.

Pombe hiyo inastahili kuonjwa, na hilo ndilo linalonifanya niandike. Sisi tuliokulia Usukumani tumezoea kuinywa, kuikwepa, kuionea haya au kuihubiria. Kuionja hatujazoea. Wakati huohuo Nairobi na Dar es Salaam wameinuka watu wanaopika bia kidogo kidogo kwa mapishi yao wenyewe, kama Bateleur kule Kenya, au Crafty Dee's ilipoanza kupika zake Dar es Salaam, na wakapata wateja wanaokaa na glasi moja muda mrefu na kuuliza maswali: nafaka gani hii, imetoka wapi, hamira gani, imekaa siku ngapi? Ni maswali mazuri. Yote yana majibu Bariadi, na mwenye majibu hajawahi kuulizwa.

Nilifika asubuhi, kabla ya wateja, maana kilabu huamka alasiri. Ua ulikuwa nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya Lamadi, na mwenye ua alikuwa ameinama juu ya turubai akigeuza kimea juani.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba. Karibu kiti."

Alimaliza safu yake kwanza ndipo akanawa mikono. Nilimwambia nimekuja kuonja, si kulewa, naye hakucheka wala kushangaa. Aliuliza tu kama nimekula. Kisha akanipeleka chini ya kibanda cha nyasi, palipokuwa na mapipa yaliyofunikwa kwa magunia.

"Nikupe ya leo, ya jana au ya juzi?"

"Wewe mwenyewe ungempa mgeni ipi?"

"Ya leo bado mtoto. Ya juzi ni ya wazee waliozoea. Anza na ya jana."

Alifunua gunia. Kabla ya kuona kitu nilisikia: mchakato mwembamba, wa mapovu madogo yanayopanda na kupasuka juu ya uso mzima wa pipa. Kinywaji kilikuwa bado kinafanya kazi. Akachota kwa kata ya kibuyu, akamimina kidogo chini, akanywa yeye mwanzo mbele ya macho yangu, ndipo akanipa. Desturi hiyo ya mwenyeji kuonja kwanza inajulikana karibu kila mahali panapopikwa pombe Afrika Mashariki. Inamwambia mgeni kwamba hakuna baya lililotiwa humu, na inamwambia pia kwamba mpishi hauzi asichokinywa.

Rangi yake ni kahawia yenye wekundu hafifu, nzito, isiyopitisha mwanga. Hukioni kidole chako upande wa pili. Povu lake ni dogo na la rangi ya waridi iliyopauka, nalo halikai. Ukisogeza kata puani unakutana kwanza na moshi wa kuni, kisha nafaka mbichi iliyoloweshwa, kisha uchachu safi unaokaribia wa maziwa yaliyoganda vizuri. Hakuna harufu ya spiriti, hakuna harufu ya uozo. Nilishika mdomoni kabla ya kumeza. Utamu ulifika kwanza, mdogo, wa wanga uliogeuka sukari na bado haujaliwa wote na hamira. Nyuma yake ukaja uchachu, ukashika pembeni mwa ulimi na kufanya mate yatiririke. Halafu, wakati nadhani imekwisha, kikabaki kinywani ukakasi kama wa zambarau changa, ule unaokausha ufizi na kukufanya utake funda jingine. Kati ya hayo yote kuna uzito: chembe laini za unga zinazosuguana na kaakaa, kwa sababu pombe hii huchujwa lakini haifanywi kuwa maji. Nguvu yake si kubwa. Pombe za mtama za aina hii kwa kawaida huwa na kilevi cha asilimia 2 hadi 4, chini ya bia nyingi za chupa.

Nikaomba ya juzi. Utamu ulikuwa umekwisha kabisa, uchachu umetawala, na ukakasi umekuwa uchungu wa waziwazi. Wazee wanaoipenda wana haki yao, ni kinywaji cha mtu aliyeamua. Ya leo nayo ilikuwa nzito, tamu, na haijapata makali. Mtama mmoja, pipa la aina moja, mikono ileile, na tofauti kati ya kata na kata ilikuwa kubwa kuliko tofauti ya lager mbili za kampuni zinazoshindana kwa matangazo.

Uchungu ule unahitaji maelezo, kwa kuwa ndiyo saini ya pombe ya huku. Bia za Ulaya huupata uchungu wake kwenye maua ya hopsi, mmea unaotaka siku ndefu za kiangazi cha nchi za mbali na Ikweta. Afrika Kusini wanaulima karibu na mji wa George, nyuzi 34 kusini. Bariadi iko nyuzi zisizofika 3, ambako mchana wa Desemba na mchana wa Juni vinakaribia kulingana, kwa hiyo hopsi si mmea wa hapa na hauwezi kulazimishwa. Uchungu wa Usukumani unatoka ndani ya punje yenyewe. Mtama mwekundu una tanini kwenye ganda lake, na tanini hiyo ndiyo inayowachosha ndege shambani, ndiyo inayoufanya ugali wake usipendwe na watoto, na ndiyo iliyokauka kwenye ufizi wangu asubuhi ile. Wachaga, ambao mbege yao ni ndizi na ulezi, huutafuta uchungu kwenye gome la msesewe. Kila nchi imeupata uchungu wake ilipoweza.

Mayu, yaani mama kwa Kisukuma, alinionyesha kimea chake akiwa amekishika kiganjani. Mtama huloweshwa usiku mzima au zaidi, hutandazwa mahali penye kivuli, hufunikwa na kunyunyiziwa maji, na baada ya siku chache kila punje imetoa kimzizi cheupe na kichipukizi. Hapo husimamishwa kwa jua. Alichukua punje moja kavu, akaing'ata kwa meno ya mbele, akanipa nyingine. Ilivunjika kwa sauti kavu na kuacha utamu ulimini. "Ikinyumbulika bado," alisema. "Ikiwa chungu, imelala sana." Kisha akasugua konzi nzima kati ya viganja viwili na kupepeta kwa pumzi, vimizizi vikaruka. Kazi hiyo ya kusugua inaonekana kama ya usafi tu. Kumbe chipukizi la mtama hubeba kemikali iitwayo durini, ambayo ikivunjika hutoa sianidi. Ndiyo inayoua ng'ombe walioingia kwenye mtama mchanga. Kuondoa vichipukizi ndiko kunakoipunguza sana sumu hiyo. Mayu hakunitajia kemikali. Alisema mama yake alimfundisha kwamba kimea kisichosuguliwa kinaumiza kichwa.

Jambo la pili alilonionyesha lilinigusa zaidi, na naomba msomaji anivumilie nilieleze taratibu. Yeye hapiki kimea chote. Unga wa nafaka isiyooteshwa huupika uji mzito, kwa moto mkali, kwa muda mrefu. Uji huo huachwa upoe hadi mtu aweze kutia kidole na kukiacha humo bila kukitoa kwa haraka. Hapo ndipo unga wa kimea humwagwa na kukorogwa, na ndani ya muda mfupi uji ule mzito unalegea na kuwa majimaji matamu. Sasa, wanga wa shayiri hufunguka kwenye joto la nyuzi hamsini na kitu hadi 60 za Selsiasi, na vimeng'enya vya kimea chake bado vinakuwa hai vya kutosha kuugeuza sukari. Wanga wa mtama ni mkaidi, unataka nyuzi karibu 70 na zaidi, na kwenye joto hilo vimeng'enya vimeanza kufa. Ukichemsha vyote pamoja umepata uji usio na sukari, na hamira haina chakula. Njia ni kutenganisha: wanga ufunguliwe kwa moto, kimea kije baadaye kwenye joto kinachoweza kulistahimili. Nigeria ilipopiga marufuku kuingiza kimea cha shayiri mwaka 1988, kampuni kubwa za bia za nchi ile zililazimika kuhamia kwenye mtama na mahindi, na wahandisi wake walikutana ana kwa ana na tatizo hilihili. Sehemu ya jibu lao ilikuwa kununua vimeng'enya vya viwandani kutoka nje. Wanawake wa Bariadi hulijibu kwa kidole na subira. Sioni namna nyingine ya kuuita ujuzi huo ila ufundi, wa daraja la juu.

Na punje yenyewe ni ya kwetu kwa asili. Ushahidi wa zamani zaidi wa mtama uliokwisha kufugwa na binadamu umepatikana mashariki mwa Sudan, wa zaidi ya miaka 3000 kabla ya Kristo. Shayiri ni mgeni kutoka Mashariki ya Kati.

Nilipouliza kuhusu hamira, alinionyesha chini ya pipa tupu. Kulikuwa na machicha ya mpiko uliopita, mazito, ya rangi ya udongo, yaliyoachwa makusudi. Hayo ndiyo mbegu. Kila mpiko huanzishwa na uliotangulia, na uliotangulia na wa kabla yake, nyuma hadi kwa mtu aliyemfundisha. Jirani yake ana machicha mengine, na wanywaji wa mtaa huo wanaweza kukuambia, bila kuona, kata imetoka ua upi.

Hapa ndipo historia ya bia ya dunia iligawanyika. Mwaka 1883, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, Emil Christian Hansen alifanikiwa kutenga hamira ya aina moja tu na kuikuza ikiwa safi. Tangu hapo kiwanda kiliweza kuahidi kwamba chupa ya leo itakuwa sawa na ya mwaka ujao, na ahadi hiyo ndiyo iliyojenga bia tunayoijua, kuanzia Denmark hadi Safari tunayokunywa sisi. Siidharau. Kupata kitu kilekile, salama, popote ulipo, ni mafanikio makubwa. Lakini kulikuwa na bei: viumbe wengine wote walifukuzwa, wakiwemo bakteria wa asidi ya laktiki, ambao ndio huleta uchachu. Wachache walikataa. Brussels kuna Cantillon, kiwanda cha familia kilichoanza mwaka 1900, kinachopika bia bila kutia hamira yoyote. Huuacha mchuzi wa nafaka upoe usiku kwenye chombo kipana chini ya paa, hewa ya mji ikiupitia, na chochote kilichomo hewani na kwenye mbao za nyumba ndicho kinachouchachusha. Bia hizo ni chachu, kali, hazifanani mwaka hadi mwaka, na watu huvuka bahari kwenda kuzinywa.

Mtu aliyewahi kunywa bia chachu ya Ubelgiji, akaletwa Bariadi akiwa amefumba macho na kupewa kata ya siku ya pili, ataitambua jamaa yake mara moja. Tofauti ni kwamba ile imepewa chupa, kizibo na miaka ya kungojea, na hii ina siku tatu. Ndiyo maana haiwezi kwenda mbali. Iweke kwenye dumu, uifunge, uipakie kwenye basi la Mwanza. Itavimba, itafoka, na itakayofika si ile uliyoipakia. Chibuku, pombe ya nafaka ya kiwandani, imejaribu kulitatua hilo kwa pakiti inayoruhusu pombe iendelee kupumua ikiwa dukani, nayo pia ina siku chache tu kabla ya kugeuka. Kwa hiyo pombe ya Bariadi utainywea Bariadi. Wanaosifu vyakula na vinywaji vya mahali husika kwa kawaida huwa wanazungumzia chaguo. Hapa ni sharti la kinywaji chenyewe.

Zamani, kabla ya pombe kuwa ya kuuzwa, ilikuwa ya kualikia. Mwenye shamba kubwa alipika, majirani wakaja na majembe, ngoma ikapigwa, na ekari zikalimwa kwa mdundo. Bugobogobo tunayoiona leo kwenye majukwaa ya sherehe ilitoka kwenye kazi hiyo, na Frank Gunderson ameziandikia nyimbo za kazi za Wasukuma kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2010. Jioni kata ilizunguka. Baada ya mavuno, vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, viliposhindana, kata ilizunguka tena. Serikali ya Waingereza ikaja na mgawanyo wake: pombe ya nafaka kwa Waafrika, chini ya vibali na vilabu, na bia ya chupa kwa wengine, na Mwafrika hakuruhusiwa kuigusa hadi baada ya Vita Kuu ya Pili. Sidhani kama tumekwisha kupona jeraha hilo. Chupa ikawa cheo. Kata ikawa kitu cha mtu ambaye hajafika. Inafaa kukumbuka kwamba hata Kenya Breweries, mama wa Tusker, ilianza Desemba 1922 kwa kupeleka kreti 10 tu kwenye hoteli moja ya Nairobi, kazi ya ndugu wawili waliojaribu. Walikuwa kiwanda kidogo cha mahali hapo. Waliitwa waanzilishi, wanawake wa nchi hii hawakuwahi kuitwa hivyo.

Lakini siwezi kuisifu pombe na kunyamazia madhara yake. Wapo watoto ninaowajua ambao ada yao ya shule ilipatikana pipani, na wapo ambao ada yao iliishia kilabuni. Huko Simiyu wapo waumini wa AIC, Waadventista na Waislamu wasioigusa kabisa, na msimamo wao umeziokoa nyumba nyingi. Kwao mama hawa hutengeneza togwa, ambayo ni ufundi uleule uliosimamishwa kabla ya kilevi kuja, na togwa nzuri ya mtama ni tamu kweli. Serikali ilipopiga marufuku pombe kali za viroba kuanzia Machi 2017, iliondoa kitu kibaya. Gongo nayo ni jambo jingine kabisa, na kuichanganya na pombe ya mtama, kama wanavyofanya baadhi ya viongozi wakifoka mikutanoni, ni kuwaonea wapishi wa mtama.

Hatari ya kweli ya pombe hii haipo kwenye pipa, ipo ghalani. Januari 2015, huko Chitima katika mkoa wa Tete, Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji iliyonywewa msibani. Uvumi ulienea kwamba mtu ametia nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara ulikuja kuonyesha kitu kingine: unga wa mahindi ulioharibika ulikuwa umeota bakteria anayetengeneza sumu iitwayo asidi ya bongkreki, na kupika hakukuiondoa. Hapa kwetu, mwaka 2016, sumu ya kuvu iliua watu 20 Dodoma na Manyara, na chanzo kilikuwa mahindi waliyokula, si pombe. Nafaka iliyolowa na kuvunda ni hatari iwe ugali au iwe pombe. Mayu hutupa kimea chenye doa la kijani au jeusi. Nilimwona akizichambua punje na kuziweka kando, mbali na kuku. Ujuzi huo ungeongezewa nguvu kwa kitu kidogo: turubai safi, ghala kavu, na bwana afya anayekuja kufundisha kabla ya kuja kutoza faini.

Hata hivyo nilipomuuliza anahofia nini, hakutaja polisi, kanisa wala bia ya chupa. Alitaja mbegu.

Mtama mwekundu unapungua. Mkoa huu unaongoza nchini kwa pamba, na pamba hula nafasi, muda na mikono. Chakula cha nyumbani kimekuwa mahindi na mpunga, ingawa mvua za Simiyu mara nyingi hazimtendei haki mkulima wa mahindi. Kweleakwelea hushuka kwa makundi makubwa, na gugu la kiduha hunyonya mizizi. Watafiti wamefanya kazi nzuri: aina kama Hakika na Wahi, zilizotolewa mwaka 2002, zinavumilia kiduha, na Macia hukomaa mapema na kutoa mtama mweupe unaopendeza kwa ugali. Viwanda vikubwa navyo vimeanza kuthamini mtama. Uganda, Nile Breweries ilitoa Eagle mwaka 2002 kwa mtama wa Epuripur, ikawapa wakulima soko, na hapa Tanzania ushuru wa bia ya nafaka za ndani zisizooteshwa umewekwa chini ya ule wa bia nyingine. Nafurahi kwa ajili ya wakulima hao. Ila viwanda vinataka mtama mweupe usio na tanini, kwa kuwa ukakasi ni kasoro kwenye lager. Soko jipya la mtama, kwa hiyo, halimlipi mtu kupanda ule mwekundu, mchungu, ambao ndege wanauacha na ambao bila huo pombe ya Bariadi inabaki uji mchachu. Mayu huchanganya sasa. Siku nyingine nusu ya uji wake ni mahindi. Alinionjesha na huo pia, bila kuficha: ni mwepesi, mtamu zaidi, na kinywani hauachi kitu.

Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa uliufanya kuwa mwaka wa kimataifa wa ulezi, uwele na jamaa zake, mtama ukiwemo. Mikutano ilifanyika. Sikusikia mahali ambapo mpika pombe aliitwa kuzungumza, ingawa yeye ndiye mteja wa uhakika wa mtama mwekundu kijijini mwake, anayenunua kwa debe, kila wiki, kwa fedha taslimu. Arusha kuna kituo cha taifa cha kuhifadhi nasaba za mimea, na ni jambo la kheri kwamba kipo. Mbegu ikikaa kwenye jokofu itasalia hai. Nani atajua ing'atwe vipi ili kuipima?

Kenya waliamua mwaka 2010, kwa sheria ya udhibiti wa vileo, hata chang'aa iruhusiwe kwa masharti ya ubora, na utekelezaji wake umekuwa na misukosuko mingi. Sisi hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Sheria yetu ya vileo ya 1968 inaitambua pombe ya kienyeji tayari, kwa leseni na saa za kuuzia. Kinachokosekana ni kumwona mpishi kama mzalishaji. Mkoa wa Simiyu ulikwisha kuonyesha kwamba unaweza: Maswa walianzisha kiwanda cha chaki, Meatu wakasindika maziwa, vyote kwa imani kwamba kila wilaya ina kitu chake. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ipo kwa ajili ya kazi za namna hii tangu mwaka 1973. Wapishi wa pombe ya mtama wasaidiwe kwenye kikundi kimoja cha majaribio, wapatiwe mapipa yanayosafishika, kipimajoto kwa anayekitaka, mahali pakavu pa kuhifadhia, na mkataba mdogo na wakulima wachache wa mtama mwekundu. Gharama yake ni ndogo kuliko ya sherehe moja ya uzinduzi. Viwanja vya Nanenane vya Nyakabindi viko Bariadi hapohapo. Agosti mojawapo liwekwe banda la nafaka za kienyeji, kimea kikiwa kimetandazwa kila hatua ionekane, togwa kwa wote, na kata kwa wanaokunywa.

Na wewe ukipita Bariadi kwenda Serengeti au kwenye msiba wa ndugu, ulizia ua unaosifiwa na wazee wa mtaa. Nenda mapema jioni, ukiwa umekula. Omba ya siku ya pili, uliza imepikwa kwa mtama gani, na ukiambiwa mwekundu mtupu, lipa zaidi ya bei uliyotajiwa. Mvua za kupandia huanza Novemba. Mwenye hata bakuli moja ya mbegu hiyo ndani aipande msimu huu, japo mistari michache pembeni mwa pamba, na atakapovuna amgawie jirani.